Somo, nijibu kabla ya Alhamisi

Montreal, Jumapili usiku

Somo yangu Bernadeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua unaitikia huku umenuna, maana tangu Krismasi nimekaa kimya na deni la sare ya kwaya sijalipa. Nisamehe. Hela natuma mwisho wa mwezi, mwambie mweka hazina aache kunitaja kwenye matangazo. Sisi wazima. Tino amerefuka, suruali zote zimekuwa pensi. Theluji ipo bado barazani na hii ni Aprili, nimeshachoka hata kuisema.

Nina jambo. Alhamisi saa nane mchana bibi mmoja ninayemhudumia pale kazini atakufa, na ameniomba niwepo.

Hakuna aliyemtabiria, amepanga mwenyewe. Nilishawahi kukugusia, ukadhani natania. Huku Quebec, jimbo la Kanada ninamokaa, sheria ilipita 2014, ikaanza kutumika Desemba 2015. Mgonjwa asiye na kupona, anayeteseka, anajaza fomu na kusaini mbele ya shahidi, anapimwa na wataalamu wawili kila mmoja kivyake, wakiridhika anataja siku. Siku hiyo daktari anamuuliza tena kama bado anataka. Akisema ndiyo, anachomwa dawa ya mshipa, kwanza ya kumlaza usingizi, halafu zile nyingine. Na si mambo ya kufichwa: katika kila watu 100 wanaokufa jimboni humu, kama 7 wanakwenda kwa njia hiyo. Kwenye kalenda ya ukutani, chumba chetu cha chai, mtu ameandika namba ya chumba cha bibi, saa nane. Mstari wa chini: fundi wa lifti, saa tisa. Wiki nzima nakunywa chai naangalia hiyo kalenda.

Mwenyewe ana miaka 86, saratani imefika kwenye mifupa. Ungempenda. Ana mdomo! Matusi ya watu wa huku, somo, ni vyombo vya altareni. Siku ya kwanza alijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda akapiga kelele: Tabernakulo! Kalisi! Hostia! Nikadhani anaanza litania, nikabaki nasubiri pa kuitikia. Alivyocheka nilipomweleza!

Hasira yake ina historia. Mama yake alizaa watoto 14. Mwaka ukipita hana mimba, padre anamuuliza kwenye kitubio kulikoni. Yule wa 14 ndiye aliyeondoka na mama. Miaka ya 60, shule na hospitali zilipoanza kutoka mikononi mwa masista kwenda serikalini na watu wakaacha misa kama waliokurupushwa, naye akaondoka, hakugeuka nyuma. Mimi nilikuja nikiamini wazungu hawa hawamjui Mungu. Huyu anamjua vizuri, wamegombana tu.

Na ugomvi wenyewe wameutungia sheria. Tangu 2019 mwalimu wa shule ya serikali akiwa kazini haruhusiwi kuvaa alama ya dini, iwe hijabu, kilemba au msalaba. Msalaba wa bungeni, uliokuwa ukutani tangu 1936, waliushusha mwezi uliofuata baada ya sheria kupita. Lakini ule wa chuma juu ya mlima, wenye urefu wa mita 31, uko palepale na unawashwa taa kila usiku. Nauona dirishani nikiwa zamu. Mwanaidi wa Mombasa, yule aliyenipokea nilipofika, amesomea ualimu hukuhuku. Kwa kuwa hawezi kuvua mtandio, anafundisha shule ya binafsi, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu. Mimi nafuta wazee na rozari shingoni, hakuna anayeniuliza. Sasa hapo dini inamsumbua nani hasa? Basi, tuliache hilo, nikianza silali.

Jambo lenyewe. Kumbe bibi ananisikia nikitandika kitanda naimba kwa sauti ya chini zile nyimbo zetu za Bikira Maria. Jumanne akanishika mkono: "Alhamisi ijayo uje uniimbie ule wa lugha yako. Usisali. Uimbe tu." Ana mtoto mmoja Vancouver, haji. Nikamwambia nitafikiria, nikaenda kulia stoo kwenye pampasi za wazee.

Nimeuliza watu, nikazidi kuchanganyikiwa. Mwanaidi kasema usiende, ukikaa pale umeshuhudia na umeridhia. Mhaiti ninayepangwa naye zamu, Mkatoliki anayefunga Kwaresima yote, akasema nenda, Yesu hakumkimbia mtu. Unaona mambo? Mwislamu na mimi tunaelewana, halafu wabatizwa wawili tunanuniana kwenye lifti. Nikatafuta mwenyewe. Barua ya Vatikani ya 2020 inasema anayemhudumia kiroho mtu wa namna hii aepuke kukaa mpaka tendo lifanyike, isije ikaonekana anakubali. Lakini mwaka mmoja kabla, Askofu Mkuu Paglia aliyekuwa anaongoza taasisi yao ya masuala ya uhai alisema kumshika mkono anayekufa ni wajibu wa kila mwamini. Askofu mkuu wetu wa hapa naye 2024 alikwenda mahakamani ili nyumba ya wagonjwa mahututi ya Kikatoliki isilazimishwe kuruhusu sindano hiyo ndani yake. Na mimi si padre wala mhudumu wa kiroho. Kazi yangu ni kubadilisha shuka.

Kinachoninyima usingizi ni kingine, naogopa hata kukiandika. Namkumbuka mama yako. Zile siku tatu, mimi nimeshika miguu, wewe kichwa, kijiko cha uji kinarudi kama kilivyokwenda, dawa ya maumivu imekwisha na gari la dawa halijafika. Jumuiya yote ukumbini inaimba kumshinda asisikike. Usiku wa pili akasema, "Wanangu, nimechoka, niachieni." Tukamwambia vumilia, mama. Tulisema kwa pamoja, kama tumefundishwa. Simaanishi kwamba... hapana. Sitaki sindano ile iingie kwetu, na nikifikiria wazee wasio na mtu wa kuwashika miguu, wanaosaini kwa upweke, mwili unanisisimka. Lakini siwezi tena kumwita huyu bibi mwovu. Nimejaribu.

Padre akinikataza waziwazi sitakwenda, nadhani. Nadhani.

Utamuuliza Baba Paroko bila kutaja jina langu? Mwambie ni mtu wa Ulaya, haijui ramani. Wewe ni nesi miaka yote hii, wamewahi kukuomba? Ukawajibu nini? Usiku ule mama aliposema tumwachie, wewe ulikuwa unawaza nini, au tulikuwa tunawaza kitu kimoja tukaogopana? Nikienda nikaimba, nitakuwa nimefanya nini? Nikibaki nyumbani saa nane hiyo nafua nguo za Tino, nitakuwa nimefanya nini? Na mama mdogo usimwambie, nakuomba sana, Jumamosi ataniombea kwa jina mbele ya jumuiya nzima.

Zamu ya Alhamisi nimeshamwachia Mhaiti, kwa hiyo nikienda nitakwenda kama mgeni. Niandikie hata mistari miwili.

Somo yako,
Bernadeta wa huku

Bibi ameuliza kama nina "nguo ya maua". Ni kile kitenge cha sare ambacho sijakilipia. Ile ya zamani bado inanitosha, ila imebana mikono.