Salamu za mwaka mpya, na tarehe mosi Januari ya 1863

Ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo, heri ya mwaka mpya. Mwenyezi Mungu atujalie afya, atutunzie wazee wetu, na awape faraja waliofiwa mwaka uliokwisha. Waliokesha kanisani, waliokesha safarini, wauguzi na walinzi wa zamu ya usiku ambao kwao mkesha ni kazi kama usiku mwingine wowote, salamu hizi ni zenu pia.

Msimu huu ukifika huwa naukumbuka mkesha mmoja kuliko yote niliyowahi kuisoma, ule wa tarehe 31 Desemba 1862 kule Marekani. Wamoravian na Wamethodisti walikuwa wakikesha usiku wa kuamkia mwaka mpya tangu karne ya 18, kwa hiyo kukesha kwenyewe hakukuwa jambo geni. Kigeni kilikuwa kile kilichosubiriwa. Mwezi Septemba Rais Abraham Lincoln alikuwa ametangaza kwamba ifikapo tarehe mosi Januari 1863, watumwa wote katika majimbo yatakayokuwa bado yanaiasi serikali watakuwa huru daima. Nchi ilikuwa vitani, wanasiasa walikuwa wakimvuta huku na kule, na wengi waliogopa kwamba atarudi nyuma dakika ya mwisho. Basi watu weusi, walio huru na wasio huru, wakaingia makanisani na vibandani kungoja kupambazuke.

Ili kuelewa uzito wa usiku ule, lazima tujue siku hiyo ilikuwa nini kwao kabla ya hapo. Sisi tarehe mosi Januari tunapika pilau, watoto wanavaa nguo mpya, tunapigiana simu. Kwa mtumwa wa Kusini mwa Marekani hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kutisha kuliko zote, kwa sababu ilikuwa siku ya kukodishwa. Mabwana waliweka hesabu zao sawa mwanzo wa mwaka: huyu akodishwe kwa mwenye shamba fulani hadi Krismasi ijayo, yule apelekwe mnadani kulipia deni. Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani Edenton, North Carolina, alieleza hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1861. Anasema baada ya siku chache za mapumziko ya Krismasi, watu walikusanya vitu vyao vichache usiku wa kuamkia mwaka mpya, wakangoja alfajiri. Kukicha, uwanja ulijaa wanaume, wanawake na watoto wakisubiri kutajiwa wanakopelekwa, kama wahalifu wanaosubiri hukumu.

Anasimulia mama mmoja aliyewapeleka watoto wake saba mnadani. Mama yule alijua baadhi yao watachukuliwa. Wakachukuliwa wote saba na mfanyabiashara wa watumwa, na mama akanunuliwa na mtu wa mji uleule. Jua halijazama watoto wake walikuwa mbali. Jacobs alikutana naye barabarani, hana la kusema ila kwamba wamekwisha wote, na kumuuliza Mungu kwa nini hamuui. Mimi nikifika ukurasa huo hufunga kitabu kwanza.

Frederick Douglass pia aliijua tarehe hiyo. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, huko Maryland, bwana wake alimkodisha kwa Edward Covey, mkulima aliyesifika kwa kuwavunja moyo watumwa wakaidi. Alianza safari asubuhi ya tarehe mosi Januari, kwenye baridi kali, kifurushi chake cha nguo kikining'inia kwenye fimbo begani. Shikeni jina lake, tutamkuta tena.

Sasa, iligeukaje siku hiyo? Lincoln alisaini karatasi, na heshima yake apewe. Lakini kuna watu walioanza kuisukuma kazi hiyo hata kabla Lincoln hajazaliwa. Mwaka 1808, tarehe hiyohiyo mosi Januari, sheria ya Marekani ya kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje ilianza kutumika, na mchungaji Absalom Jones wa Philadelphia, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa, akahubiri siku hiyo na kupendekeza iwe sikukuu ya shukrani kila mwaka. Biashara ya ndani ikaendelea kama kawaida, na minada ya mwaka mpya ikaendelea. Sikukuu yake watu wachache waliishika, kisha ikafifia.

Tarehe mosi Januari 1831, mjini Boston, William Lloyd Garrison akatoa toleo la kwanza la gazeti la The Liberator, akidai utumwa ukomeshwe mara moja, bila kungoja kizazi kingine. Alikuwa hana mtaji. Waliombeba mwaka ule wa kwanza walikuwa wengi wao wasomaji weusi, na mmoja wao ndiye ninayempenda kuliko wote katika habari hii: James Forten wa Philadelphia, mshona matanga. Alikuwa na karakana kubwa karibu na bandari, ameajiri weusi na weupe pamoja, tajiri kwa jasho lake. Alitanguliza pesa za wanunuzi 27 hata kabla gazeti halijatoka. Matanga ya meli ndiyo yaliyolipia karatasi na wino.

Na Desemba kama hii tuliyomaliza, kina mama wa Boston walikuwa kwenye gulio. Kuanzia 1834 wanawake wapinga utumwa, ambao kwa miaka mingi waliongozwa na Maria Weston Chapman, walifanya kila mwaka gulio la Krismasi la vitu vya mikono: mifuko, vitambaa vya kufuma, vishikizo vya sindano. Baadhi ya kazi zao za sindano walizitarizi maneno ya kuomba ncha za sindano hizo zichome dhamiri ya mwenye watumwa. Pesa zikaenda kuendesha magazeti na kuwalipa wahubiri wa kampeni. Walitukanwa sana. Mwaka 1835 genge la watu lilivamia mkutano wao, Garrison akaburutwa mitaani kwa kamba. Desemba ileile gulio likafanyika tena.

Basi ikafika 1863. Asubuhi ya mwaka mpya Lincoln alifungua Ikulu kwa wageni, kama desturi ilivyokuwa, akapeana mikono na watu kwa saa nyingi. Mchana alipoketi kusaini Tangazo la Ukombozi, mkono ulikuwa unatetemeka kwa uchovu. Akaiweka kalamu chini akapumzika, kwa sababu hakutaka mtu aione saini hiyo baadaye aseme alisita. Kisha akaandika jina lake kamili.

Boston hawakujua. Katika ukumbi wa Tremont Temple watu elfu tatu walikuwa wamekaa tangu mchana, na Frederick Douglass, kijana yule wa kifurushi, sasa msemaji maarufu mwenye nywele zilizoanza kupata mvi, alikuwa jukwaani. Matarishi walipangwa mstari kutoka ofisi ya telegrafu hadi ukumbini. Saa mbili usiku, kimya. Saa tatu, kimya. Saa nne watu wakaanza kutazamana. Douglass mwenyewe alieleza baadaye jinsi matumaini yalivyokuwa yanakwisha, mpaka mtu mmoja akaja akipiga kelele kwamba habari inakuja, iko kwenye waya. Watu walilia, wakakumbatiana, kofia zikarushwa, na mhubiri mzee mweusi akaanzisha wimbo wa ushindi wa bahari ya Misri. Ukumbi ulipotakiwa kufungwa usiku wa manane, wakahamia kanisa la Wabaptisti la mtaa wa watu weusi wakaimba hadi karibu kunakucha.

Mbali kusini, Camp Saxton karibu na Beaufort, South Carolina, hawakusubiri waya. Maelfu ya watu waliokuwa watumwa walikusanyika mchana kweupe chini ya mialoni mikubwa kando ya mto, pamoja na kikosi cha kwanza cha wanajeshi weusi wa jimbo hilo. Ng'ombe wazima walichomwa, na kila kombania ilichanganyiwa pipa la maji ya molasi, tangawizi na siki. Aliyelisoma tangazo alikuwa William Brisbane, mzaliwa wa jimbo hilohilo, mwenye watumwa aliyewaacha huru wa kwake miaka mingi kabla. Kanali Thomas Wentworth Higginson alipopokea bendera na kuanza kuipeperusha, sauti ya mzee mmoja mweusi, imepasuka kidogo, ikaanza kuimba wimbo wa kizalendo unaoiita Marekani nchi ya uhuru. Wanawake wawili wakamdakia. Hakuna aliyewaambia waimbe, haikuwa kwenye ratiba. Wazungu jukwaani walipotaka kuingilia kuimba, kanali akawanyamazisha. Ilikuwa mara ya kwanza watu wale kuwa na nchi ya kuiimbia.

Katika umati ule alisimama mwalimu kijana, Charlotte Forten, aliyekuja kutoka Kaskazini kuwafundisha watoto wa visiwa vile kusoma. Ni mjukuu wa James Forten. Babu alifariki 1842, watumwa wakiwa bado mnadani kila mwaka mpya, asione chochote cha siku ile. Ninapoandika salamu za mwaka mpya nawaza watu wa aina hiyo hasa, wanaolipia kazi ambayo matunda yake yataliwa na wajukuu.

Lazima niseme pia kwamba tangazo lilikuwa na mipaka. Halikugusa majimbo yaliyobaki upande wa serikali kama Kentucky na Delaware, na kule kwa waasi lilitegemea jeshi lifike. Katika watumwa karibu milioni 4, wengi walisubiri. Ndiyo maana wanawake hawakwenda kulala: Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, watetezi wa haki za wanawake, waliunda umoja wa wanawake mwaka huohuo wa 1863, wakakusanya saini karibu 400,000 kudai katiba ibadilishwe. Februari 1864 wanaume wawili weusi wakaziingiza saini 100,000 za kwanza Seneti, mafurushi kwa mafurushi. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 walipigania vita hivyo. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyokomesha utumwa, yakapita Desemba 1865, na Garrison akachapa toleo la mwisho la gazeti lake siku chache kabla ya mwaka mpya.

Na pwani yetu? Meli za Salem, Massachusetts zilikuwa zikileta merikani Zanzibar na kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Pamba ya merikani ile ililimwa na watu hawahawa, na vita vilipoanza 1861 kitambaa kikaadimika madukani. Usiku Boston wakiimba, soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi. Lilifungwa miaka kumi baadaye, 1873. Bibi zetu walivaa jasho la wenzao bila kujua, na wengine wao walikuwa wakiuzwa wenyewe.

Kwa ndugu zetu mlioko Marekani: makanisa mengi ya Wamarekani weusi bado yanakesha usiku wa kuamkia mwaka mpya, na wengine wanaukumbuka waziwazi ule wa 1862. Ingieni. Kesho yake mtakuta mezani kunde zilizopikwa na wali, na mboga ya majani ambayo mpishi yeyote wa kwetu ataiita sukuma wiki. Chukueni na watoto, na mwenyeji mzee akianza kusimulia msiwe na haraka ya kuondoka.

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote, na kwa wote mlionao nyumbani.