Yah: Malalamiko Kuhusu P-40E Mliyoiharibu na Lugha Niliyojibiwa

Kwa Mkurugenzi,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima zote, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenu. Kanuni zenu za mauzo mnazijua, na tangazo la kifurushi cha Pasifiki 1941–1942, cha ndege za kivita za mchezo wenu wa kompyuta wa kurusha ndege, bado lipo dukani likiwaahidi wanunuzi kwamba kila ndege imeundwa kwa vipimo vyake halisi, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza nilichonunua. Nitaeleza mlichokifanya.

Tangu sasisho lenu la mwisho, P-40E, ndege ya kivita ya Kimarekani, haiwezi tena kuiacha Zero ya Kijapani katika kupiga mbizi, yaani kushuka kwa kasi pua ikiwa chini. Yeyote anayezifahamu ndege hizi anajua kwamba mkiinyima P-40 mbizi yake hamjaibakishia kitu. Injini yake ya Allison ilikuwa na supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa) ya hatua moja, na ikishapita mita 4,500 ilikuwa hoi. Katika kupanda na kukata kona, Zero iliizidi kwa mbali. Ndiyo maana Claire Chennault, kamanda wa marubani wa Kimarekani waliojitolea kule China na Burma, aliwakataza marubani wake kuzungushana na ndege za kivita za Kijapani, akawafundisha waanzie juu, washuke kwa kasi, wapige, kisha waendelee kushuka mpaka wawe mbali. Uzito wa ndege, uimara wa mabawa yake na wepesi wake wa kubingirika ikiwa katika kasi kubwa ndivyo vilivyowarudisha nyumbani, kabla hata hatujazitaja zile bunduki sita za rashasha za inchi nusu. Ninyi mmemwondolea rubani vitu hivyo, mkamwachia udhaifu wote.

Wala hili si suala la maoni yangu dhidi ya maoni yenu. Zero iliyoanguka katika kisiwa cha Akutan, Alaska, tarehe 4 Juni 1942 ilichukuliwa na Wamarekani, ikatengenezwa, ikarushwa San Diego mwezi Septemba mwaka huohuo, na marubani wa majaribio wakaona mambo mawili: kwamba ikipita takriban kilomita 370 kwa saa usukani wake wa kubingirika unakuwa mzito mno, na kwamba injini yake hukatika nguvu pale pua inaposukumwa chini ghafla. Katika programu yenu ya leo Zero inabingirika kwa wepesi ikiwa kwenye kilomita 550 kwa saa, na injini yake haikohoi hata pua ikisukumwa vipi.

Haya yote niliyaeleza kwa adabu. Nilirekodi video nikianzia mita 5,000, Zero ikiwa nyuma yangu, nikasukuma pua chini na kuipa injini nguvu zote. Sindano ya kasi ilipanda hadi 600, ile Zero ikazidi kunikaribia, nikabingirika kulia, nayo ikabingirika nami bila kuchelewa, ikanifyatulia. Niliiambatisha video hiyo pamoja na maelezo. Mhudumu wa dawati lenu la Kiswahili akanijibu: “Dogo, kajifunze kuruka kwanza, ndipo uje ulalamike.” Kisha akalifunga faili.

Na si mara ya kwanza kupuuzwa. Kabla hata ya sasisho hilo nilikwisha kuwaandikia kuhusu Wildcat, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Marekani yenye matoleo mawili katika kifurushi chenu, F4F-3 na F4F-4, nikaahidiwa kwamba wataalamu wenu wangelifanyia kazi, na mpaka leo sijaona kilichobadilika. F4F-3 ilibeba bunduki 4 zenye risasi 450 kila moja. F4F-4 ilibeba bunduki 6 zenye risasi 240 kila moja, na mabawa yake ya kukunjwa yaliiongezea uzito hata ikawa nzito kupanda. Kwa hiyo rubani wa F4F-4 alikuwa na bunduki nyingi zaidi lakini alipiga kwa muda mfupi zaidi, na wengi wao hawakuufurahia mpango huo. Katika kifurushi chenu ndege hizo mbili zinapanda sawasawa, na F4F-4 imepewa risasi 450 kwa kila bunduki. Mmeuchora kwa ustadi mkubwa ule mkono wa chuma ambao rubani aliuzungusha karibu mara 30 ili kuinua magurudumu, kwa hiyo hamwezi kuniambia kwamba ndege hii hamuijui. Mnaijua, ila hamkujali.

Buffalo, ndege nyingine ya kivita ya Kimarekani, nayo mmeifanyia hivyohivyo. Wafini walizitumia Buffalo zao nyepesi kwa mafanikio makubwa dhidi ya Wasovieti, wakati Buffalo za toleo la F2A-3 za VMF-221, kikosi cha wanamaji wa Marekani, zilizokuwa zimelemewa na uzito, zilidunguliwa 13 kwa asubuhi moja huko Midway, kisiwa cha Pasifiki. Ninyi mna Buffalo moja tu kwa pande zote mbili, mkabadilisha rangi. P-39, nayo ya Kimarekani, pekee ndiyo mliyoitendea haki, kwani risasi za bunduki za puani zikiisha uzito unahamia nyuma na ndege inaanza kutafuta kuzunguka na kuanguka, kama inavyostahili kwa ndege yenye injini nyuma ya kiti cha rubani. Basi uwezo mnao, na ndiyo maana nashindwa kuwasamehe kwa hayo mengine.

Narudi kwa mhudumu wenu, kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni kuliko ndege zote. Nilikuwa bado naandika sentensi yangu. Juu ya skrini, kando ya jina la video yangu, paliandikwa “haijafunguliwa”, na maneno hayo yapo hivyo hadi leo, maana yake ni kwamba alinihukumu bila kuangalia hata sekunde moja ya ushahidi niliompa. Akaandika “Dogo, kajifunze kuruka kwanza, ndipo uje ulalamike,” kisanduku changu cha kuandikia kikageuka kijivu, na kilichobaki ni ombi la kunitaka nitoe nyota kwa huduma niliyopata. Mimi ni mtu mzima mwenye familia, na nililipa fedha zangu halali. Konda wa daladala anapomdai abiria nauli humwita kaka au mama. Mhudumu wenu, anayelipwa kwa fedha zangu, ameniita dogo.

Kwa hiyo naomba vipimo vya P-40E, Zero na Wildcat zote mbili virekebishwe katika sasisho lijalo, au nirejeshewe fedha za kifurushi. Aidha, faili langu lifunguliwe upya na lishughulikiwe na mtu atakayeitazama video. Na kwa kuwa nilikwisha kuahidiwa na ahadi ikavunjwa, sasa naona marekebisho peke yake hayatoshi: nataka fedha za kifurushi zirudishwe hata kama mtarekebisha, na nataka barua ya kuomba radhi yenye jina na cheo cha aliyeiandika, si ujumbe unaojituma wenyewe.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaitaka benki yangu iyapinge malipo hayo, nitapeleka lalamiko rasmi kwenye tume inayolinda walaji nikiambatisha tangazo lenu, video, na picha ya yale mazungumzo likiwemo neno “haijafunguliwa”, na nitawashauri wenzangu wote ninaoruka nao wadai fedha zao pia. Jibu lenu lolote liwe la maandishi, na lisiandikwe na mhudumu yuleyule.

Wenu,

Mteja wa kifurushi cha Pasifiki 1941–1942

Nakala: Mkuu wa Idara ya Uundaji wa Ndege