Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: nyuma ya karatasi palikuwa peupe

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Yah: Matangazo yasiyosomeka

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Utaona sikukiandika kwa herufi kubwa tupu wala sikukipigia mstari, kinyume na desturi ya maofisini. Sababu nitaieleza.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya: kutaipu, fotokopi, kadi za harusi. Halmashauri yako sitaitaja, wewe mwenyewe utalitambua tangazo lako. Mwezi uliopita aliingia mama mmoja wa makamo, akafungua pindo la kitenge na kunikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, nisomee hapa, nimeshindwa." Lilikuwa tangazo la kujiandikisha kupata mbolea ya ruzuku. Tarehe ya mwisho nilikuta imejificha mstari wa 31, katikati ya sentensi. Ilikuwa imepita siku nne.

Nikamuuliza kama ana miwani. Akacheka. Kumbe kanisani kwao ndiye msomaji wa masomo kila Jumapili, na Biblia yake ni ile ndogo ya mkononi, yenye herufi kama punje za ulezi. Basi nikajiuliza: anayesoma herufi za ulezi atashindwaje na karatasi yako?

Biblia yake ina safu mbili, Ndugu Mkurugenzi. Mistari ni mifupi. Hata ile aliyoichapa Gutenberg kule Mainz, Ujerumani, miaka ya 1450, ilipangwa safu mbili, nyingi ya kurasa zake zikiwa na mistari 42 kwa safu. Karatasi yako ilikuwa na safu moja, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilihesabu herufi za mstari mmoja pamoja na nafasi: 120. Wapanga kurasa wengi hushauri 45 hadi 75. Jicho likifika mwisho wa mstari mrefu namna hiyo lina safari ya kurudi kushoto, na mistari ikiwa imebanana linatua pasipo pake. Msomaji anarudia mstari uleule, au anaruka mmoja. Akifanya hivyo mara tatu anakunja karatasi na kwenda kwa jirani.

Halafu hiyo Times New Roman, aina ya herufi mliyotumia. Siichukii. Ila ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, na gazeti lina safu nyembamba. Ni herufi iliyobanwa ili maneno mengi yaenee mahali padogo. Sisi tunaichukua, tunaipunguza hadi pointi 10 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), kisha tunaitandaza A4 nzima!

Kupigia mstari kulitokana na taipureta, ambayo haikuwa na herufi za kukoza. Leo kompyuta inazo. Mstari ule unakata mikia ya g, j, p na y, na Kiswahili kimejaa mikia hiyo. Herufi kubwa tupu nazo hufanya maneno yote yawe na umbo la tofali. Hazifai zaidi ya maneno matatu manne.

Jambo jingine dogo, ila linanikera: kunyoosha maandishi pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu. "Wasiojiandikisha" peke yake ni herufi 16. Likikosa nafasi linashuka mstari wa chini, na yaliyobaki juu yanavutwa hadi mstari unakuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kulikata neno kwa silabi ni rahisi kwetu, kwa kuwa silabi nyingi huishia na irabu, lakini kompyuta iliyowekewa kanuni za Kiingereza hulikata inavyotaka. Acha upande wa kulia usiwe sawa. Hakuna atakayelalamika.

Najua utaniambia rimu za karatasi zimepanda bei, ndiyo maana yote yalibanwa ukurasa mmoja. Niliigeuza ile karatasi. Nyuma palikuwa peupe kabisa.

A4 ina upana wa milimita 210. Acha pambizo za milimita 20 kila upande, zinabaki 170. Gawa safu mbili za 81, katikati acha nafasi ya 8. Herufi pointi 11, kutoka mstari hadi mstari pointi 15. Hapo kila mstari utabeba herufi kama 50. La kubandikwa ubaoni kwa mtendaji wa kijiji, ambalo watu hulisoma wamesimama, wakichungulia mabegani kwa wenzao, liwe safu moja ya pointi 16. Na mpangilio huo usibadilike kila akija karani mpya. Sokoni hapa mteja haulizi vitunguu viko wapi, anakwenda moja kwa moja. Tarehe, mahali na nyaraka za kuja nazo vinastahili makao ya kudumu vilevile.

Tangazo lako nimelipanga upya bila malipo, karatasi ileile moja, mbele na nyuma. Nimeliacha masjala kwenye bahasha ya kaki. Yule mama alipita dukani juzi akalisoma mwenyewe, kwa sauti, kama anavyosoma kanisani. Alipofika kwenye tarehe alinyamaza, kisha akaniuliza kama mwakani mtaandika hivi.

Wako,
Mwenye steshenari, Mwanjelwa