Ni njumu, haikupakwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyombo vya kale vya shaba vya Mosul, mji wa Iraq, yalisema "vimepakwa fedha". Fedha ile haikupakwa, imetiwa njumu, yaani imepachikwa ndani ya shaba. Neno tunalo, na waliorithi viti vya njumu wanalijua vizuri.

Kosa si la lugha peke yake. Fundi alichimba shaba ya njano kwa tindo. Kwa mstari mwembamba alikata mfereji uliotanuka chini kuliko mdomoni, akapigilia uzi wa fedha ukajaa humo. Kwa umbo pana, kama uso au kanzu, alikata ukingo kwa kuulaza ndani, akatandika bamba jembamba la fedha, kisha akaurudishia ukingo kwa nyundo hadi ukalibana bamba. Hapana risasi ya kuunganishia wala gundi. Kinachoshika ni ule mdomo wa shaba. Ukikatwa wima, bamba litachomoka. Ukilika kwa miaka ya kusuguliwa, litabanduka hata kama fundi hakukosea.

Baada ya hapo alichora macho na mikunjo ya nguo juu ya fedha yenyewe, akajaza kitu cheusi mithili ya lami kwenye mabonde ili fedha ijitokeze.

Itazameni birika ya Blacas iliyoko British Museum, kazi ya Shuja' ibn Man'a, Mosul, mwaka 1232: humo mna fedha na shaba nyekundu pia, kila moja kwenye kitako chake. Na ndoo ya Herat, mji wa Afghanistan, ya mwaka 1163, iliyoko jumba la makumbusho la Hermitage huko Urusi, imeandikwa majina mawili: Muhammad ibn Abd al-Wahid aliyeisubu, na Mas'ud ibn Ahmad aliyeitia nakshi. Mtu wa kupaka rangi tu asingepewa heshima hiyo.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni ushauri wenu wa kung'arisha vyombo vya namna hii kwa limau na majivu. Kwa sinia la kawaida, haya. Kwa njumu, limau linakula shaba na ukingo unalegea, majivu nayo yanakwangua fedha kama msasa. Cheusi kinatoka kwanza, kisha macho, na mwishowe mpanda farasi wa kwenye nakshi anabaki hana uso. Vumbi lipangusweni kwa kitambaa laini kikavu. Kipande kikibanduka, msikibandike kwa gundi ya dukani. Kifungeni katika karatasi na kukiweka pamoja na chombo chake mpaka apatikane mjuzi.

Msomaji wenu