Riwaya za kusikiliza zinaangushwa na usomaji

Mhariri,

Riwaya za kusikiliza zinazotoka siku hizi zina visa vitamu, ila usomaji unaziangusha. Bibi na mjukuu wanajibizana kwa sauti ileile, na aliye kwenye daladala hajui nani kajibu. Msomaji abadili kasi na pumzi tu, si lazima aigize. Feni izimwe, mablanketi yatundikwe nyuma ya msomaji kupunguza mwangwi. Maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila “p” inapasuka. Na muziki chini ya maneno wa nini? Kila sura iwe na faili lake, la mono (sauti ya mkondo mmoja), kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima haifiki megabaiti 30, maana bando ni ghali.

Msikilizaji,
Morogoro