Barua kwa mwanangu: kipimo cha kushindiliwa

Kadutu, Bukavu
Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, njia ya kuteremkia kwetu imekuwa tope tupu, na asubuhi watu wanafika sokoni viatu mkononi. Wadogo zako wanakusalimu. Kwamba boti ilifika Goma salama nilishaambiwa.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utanijibu upesi, nami nitanyamaza kama nilivyonyamaza siku ile. Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa, na hilo nimeshaliungama mbele za Mungu kabla ya kushika kalamu.

Nasema habari za Jumamosi ile ulipokuwa hapa. Mama mkubwa wako alikaa karibu na mlango, sahani ya bugali na sombe magotini, akasimulia kwamba ameuza cherehani yake kwa dola 120, na zote amempelekea yule nabii wa huko juu ziwe mbegu, ili mwanawe arudi kutoka Kamituga. Unajua kijana huyo alivyokwenda kwenye mashimo ya dhahabu, na huu ni mwaka wa pili hatujasikia sauti yake. Wewe ukamwuliza mbele ya wageni wote, “Mama mkubwa, sasa umenunua nini?” Ukamsomea maneno ya Petro kwa Simoni mchawi, Matendo sura ya 8: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali.” Ukamtajia Luther, yule mtawa wa Ujerumani, na vile vyeti vya msamaha wa dhambi ambavyo wahubiri wa kanisa walikuwa wakiwauzia watu huko, hata akaandika hoja zake 95 mwaka 1517. Jirani mmoja akacheka. Yaya, dada yangu huyo mkubwa, akaweka tonge chini, akanawa mikono, akajitanda kitenge chake akatoka mvuani. Wewe ukarudi kwenye sahani yako.

Kwanza nikupe haki yako, maana sitaki uisome barua hii ukidhani mama anakuomba uache kweli. Neno ulilolisema ni kweli. Nabii yule anauza kisichouzwa. “Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu.” Ukimwambia mama anayelia kwamba kipawa hicho kina bei, na kwamba bei yenyewe ni cherehani, umemwibia mara mbili: umechukua mali yake, na umemharibia sura ya Mungu. Sijasimuliwa na watu. Nilikwenda mwenyewe Jumatano moja nikaketi nyuma nikamsikiliza. Andiko lake ni Luka 6:38: “Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika.” Alilisoma kama mara kumi, na kila mara vikapu vikapita.

Mwanangu, mimi napima maharage kwa kopo tangu wewe hujazaliwa. Mstari ule mtu hahitaji kunifafanulia. Mteja akisimama mbele yako unajaza kopo, unalitikisa punje zikae, unashindilia kwa kiganja, unajaza tena, kisha unaongeza juu mpaka zinaanza kukimbia kandoni na mtoto wa mteja anaziokota chini. Hicho ndicho kipimo cha mtu mwenye moyo mzuri. Lakini tangu ujana wetu tulifundishwa kanisani kwamba mstari una majirani zake, na usimkaribishe mmoja ukawafungia mlango wengine. Nikafika nyumbani nikafungua Luka, nikaanza juu kidogo, mstari wa 36. “Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma. Msihukumu, nanyi hamtahukumiwa. Msilaumu, nanyi hamtalaumiwa. Achilieni, nanyi mtaachiliwa.” Hapo ndipo panapofuata kutoa, na kipimo, na kusukwa-sukwa. Kinachojazwa kwenye kopo lile ni huruma. Nabii anaruka maneno hayo yote na kuanzia anapotaka, na ule mwisho haufikii kabisa: “Kwa kuwa kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa.”

Nilifurahi sana usiku ule, nikasema nimempata. Nikataka kukupigia simu. Kisha nikausoma tena mstari wa 37, nikamwona Yaya akitoka mvuani. Nikaona kwamba nabii ameuruka mstari ule kwa ajili ya fedha, na sisi nyumbani kwetu tumeuruka kwa ajili ya kushinda mabishano. Halafu nikakumbuka kopo langu, nikashindwa kulala.

Hili hujawahi kulisikia.

Ulikuwa na miaka mitano tetemeko la ardhi lilipotupiga, Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008. Ukuta wa upande wa jikoni uliangukia vyombo vyetu vyote. Baba yako hakuwa na kazi. Nilikuwa na mkopo wa magunia mawili ya maharage na mwenye mali alitaka fedha yake. Usiku mmoja nikachukua kopo la kupimia, nikaliweka juu ya jiwe la mviringo, nikaligonga chini kwa nyundo mpaka kitako kikaingia ndani. Kwa nje huoni kitu. Kila mteja alipoteza konzi moja, na mimi katika gunia nikapata makopo manne au matano zaidi. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, nikiimba korali kila Jumapili. Kwenye kutikisa na kushindilia nilikuwa hodari, watu wote wakiona, na kopo lenyewe lilikuwa la uongo.

Aliyegundua ni mama mkubwa wako. Aliliazima kopo apime maharage ya wajane kanisani, akaingiza mkono kufuta vumbi, vidole vikagusa. Hakusema kitu pale mbele ya wamama. Alikuja usiku, akasubiri mpaka ninyi watoto mmelala, akaliweka mezani likiwa limepinduliwa, akasema, “Mdogo wangu, huu ni wizi.” Nikaanza kulia habari za ukuta, na mkopo, na baba yenu. Aliniacha nikamaliza yote. Akasema tena, kwa sauti ile ile, “Ni wizi.” Akanisomea Mithali 11: “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza.” Hakupunguza hata neno moja. Nakuomba ulione hilo, maana wako wanaodhani kumpenda mtu ni kumwachia uongo wake ili asiumie. Dada yangu angeniachia kopo lile, leo ningekuwa mwizi anayeimba.

Kisha akaniuliza, “Unawakumbuka akina nani?” Tukakaa na mshumaa tukaandika majina tuliyoyaweza, kumi na moja, tukisema habari za Zakayo aliyerudisha mara nne. Sikuwa na hata franka. Ulikuwa mwezi wa Septemba, shule zinafungua, na yeye alikuwa ameshona mashati meupe na sketi za buluu usiku na mchana. Fedha yote ya msimu ule ikanunua gunia la maharage. Tukapita nyumba kwa nyumba. Yeye alibeba mgongoni kwa kamba, mimi nikasema maneno kwa kinywa changu mwenyewe. Alikataa kabisa kuyasema badala yangu. Mama mmoja alinitukana barazani na nilistahili. Mjane mmoja wa kule juu akaniambia, “Nilijua. Nilikuwa nangoja Bwana akuambie.” Alijua, na aliendelea kununua kwangu. Nilipiga magoti penye mlango wake, nikaelewa neema kwa mara ya kwanza, mimi niliyebatizwa miaka mingi nyuma.

Yaya hajalitaja jambo hilo tena tangu siku ile. Hata mwaka ule tulipogombana vibaya juu ya shamba la baba yetu, na angeweza kunimaliza kwa neno moja, hakulitaja.

Cherehani iliyolipa maharage yale ndiyo hiyo aliyoiuza. Ndiyo iliyoshona shati lako la kwanza la shule.

Baada ya wewe kuondoka nilimwendea mchungaji, nikamwambia anieleze zaidi habari za huyo Luther, kwa kuwa mwanangu anampenda. Akanieleza mambo mawili ambayo nayabeba tangu siku ile. Ile hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 haiwataji wauza vyeti. Inasema Bwana Yesu aliposema tubuni alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Alianzia kwenye toba kabla ya kumkemea mtu. Na alipokufa, Februari 1546, walikuta karatasi aliyokuwa ameandika siku zake za mwisho, na ndani yake maneno haya: “Sisi ni ombaomba, hiyo ni kweli.” Nimeyaandika ndani ya jalada la Biblia yangu. Chini yake nimeandika swali la Paulo kwa Wakorintho: “Nawe una nini usichokipokea?” Jibu swali hilo taratibu, baba. Kusoma, hukulipa wewe. Kuijua Biblia, ulifundishwa kwenye mkeka na mwanamke aliyeiba kwa kopo. Macho ya kumtambua nabii wa uongo, hayo nayo ulipewa.

Sasa nisikilize, maana jambo lina haraka. Nabii amemwambia Yaya kwamba mbegu ya kwanza ilianguka njiani, kwa hiyo aongeze. Anafikiria kuuza kiwanja. Nimekwenda kwake mara tatu kumwambia kweli, ananijibu kwamba mdomo wangu na wako ni mmoja. Jumapili hii hakuja ibadani. Kweli tunayo, imo mikononi mwetu, na sikio lake tumeliziba sisi wenyewe. Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba mtu akighafilika wamrejeze upya “kwa roho ya upole”, tena kila mmoja ajiangalie nafsi yake. Siku ile hatukumrejeza. Tulimfukuzia huko huko.

Panda boti ya Ijumaa. Usipitie kwangu kwanza, nenda kwake moja kwa moja hata kama ni usiku. Mwombe msamaha kabla hujaketi, na usiseme “lakini”. Akikukaribisha, mwulize habari za mwanawe: alivyokuwa mdogo, siku aliyoondoka, alivyovaa. Watu wote wanamwuliza habari za cherehani, na habari za mtoto hakuna anayemwuliza. Msikilize mpaka amalize. Kama ni usiku kucha, iwe usiku kucha. Pengine siku hiyo hutafungua Biblia hata kidogo. Siku atakayokuambia soma, soma Luka 6, uanzie mstari wa 36, umsomee mpaka mwisho wa wa 38, na habari ya fedha na nabii mwambie wazi, bila kupunguza, kama yeye alivyoniambia mimi. Ruhusa ya kumsimulia mambo ya kopo nimekupa. Mwambie kwamba unajua.

Mletee jibini ya Masisi, anaipenda na huku ni ghali. Na betri mbili kubwa za redio yake. Tangu cherehani iondoke nyumba yake imekuwa kimya mno.

Mama yako