Chupa ya Barbaresco

Torino, Novemba

Mpendwa Baba Neema,

Salamu kwako, kwa Mama Neema na kwa wote hapo Hombolo. Sisi huku tu wazima, ila baridi imeshatuingia. Ujumbe wako ulinikuta najiandaa kwenda Barbaresco, kijiji cha huku Italia ambacho mvinyo wake huitwa kwa jina hilo hilo, na ile hoja yako kwamba Waitaliano wanatuuzia jina tu, mvinyo ni ule ule, nilisafiri nayo.

Nianze na mvinyo wenyewe. Zabibu ya kule ni Nebbiolo, huvunwa mwezi wa kumi, mara moja tu kwa mwaka. Ukiwaambia Dodoma mnavuna mara mbili wanakukodolea macho. Ukimiminiwa unaweza kudhani umetiwa maji: wekundu wake ni mwepesi, kidole ukikiweka nyuma ya glasi unakiona. Unanusa, unapata waridi, halafu kwa mbali harufu ya lami. Unajiandaa kwa kinywaji laini. Thubutu! Funda la kwanza tu, ukakasi unashika fizi na ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Nilikunja uso. Mama aliyekuwa akituhudumia akacheka, akanisogezea kisahani cha nyama mbichi ya ng'ombe, imekatwakatwa kwa kisu na kutiwa chumvi na mafuta ya zeituni. Nikajikaza nikala. Funda lililofuata halikuwa la mvinyo ule tena: ukakasi umenywea, utamu wa tunda umejitokeza, na ile harufu ya waridi ikabaki puani hata baada ya kumeza. Wale wanaoonja glasi baada ya glasi bila chakula, wakitema kwenye ndoo, shauri yao. Mimi sikutema hata tone.

Sasa sikia habari inayokuhusu. Miaka ya 1950 wakulima wa kile kijiji walikuwa wanakata tamaa. Bei ya zabibu ilikuwa mikononi mwa wanunuzi, na vijana walikuwa wakikimbilia viwandani. Mwaka 1958 padre wao wa parokia, Don Fiorino Marengo, akawakusanya wakulima 19 wakaanzisha ushirika, Produttori del Barbaresco. Mvinyo wao wa miaka mitatu ya mwanzo waliutengenezea chini ya kanisa, kisha wakajenga jengo lao ng'ambo ya uwanja. Leo wanachama wako kama 50, na masharti hayana mchezo: Nebbiolo yako yote unaipeleka ushirika, huchagui nzuri ukauze pembeni. Malipo nayo yanafuata ubora wa zabibu. Najua unawafikiria watu fulani hapo kwenu, nami niliwafikiria hao hao.

Na hoja yako ya jina ilinifia pale. Miaka ya mavuno mazuri ushirika hutoa chupa za aina tisa, kila aina kutoka mteremko mmoja. Zabibu ni ile ile, watengenezaji wale wale, muda wa kukaa pipani ule ule. Nilionja ya mteremko uitwao Asili, laini, inanukia maua. Nikaonja Montestefano, ngumu, inabana taya. Mashamba hayo mawili yamo ndani ya kijiji kimoja! Udongo na jua vimefanya kazi ambayo mtu hawezi kuiiga. Mpaka leo sijui kwa nini hapo Dodoma zabibu za Hombolo na za Makutupora zinamwagwa tangi moja bila mtu hata kuzionja kando.

Barolo pia nimeinywa, ni jirani yao, na sheria inadai ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa wakati Barbaresco ni 26. Ni mvinyo mzuri, lakini kwa mfuko wangu ni wa harusi. Siku za kawaida huku tunakunywa Barbera, mvinyo wa zabibu nyingine ya huku, na tambi, tunashukuru Mungu.

Nimempa binamu yangu chupa moja ya ushirika, anashuka Krismasi. Tafadhali usiitie kwenye friji. Ifungue saa moja kabla ya kula, na ile mbuzi wako wa kuchoma iwe tayari mezani. Usimpe Mjomba kwanza, ataiongezea soda.

Kisha uniandikie umeonaje, na unitajie mwaka huu kilo ya zabibu wamewalipa shilingi ngapi.

Wako,
Baba Tumaini